Chumba Kati ya Nguzo

Ofisini, 4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na mdomo wako nao mzima, maana najua utaanza kugomba kabla hujafika mwisho.

Mchoro umepita! Wakubwa wa ofisi wameukubali wote. Nyumba za mtaa wetu zitainuliwa juu ya nguzo za zege, na ya kwanza ni yetu. Niliomba mwenyewe. Kila mtu huko kisiwani anasema "aanze jirani", basi jirani ndiye wewe. Wakiona nyumba ya mama yake msanifu imesimama, na wao watakubali.

Kazi yenyewe ni hivi. Mjomba na mafundi wake wataipandisha nyumba kwa jeki kidogo kidogo, mbao zake na bati lake, hata vikombe vyako kabatini visigongane. Kisha watasimamisha nguzo chini yake. Huko chini patabaki patupu. Narudia, Mama, patupu. Si banda la kuku, si stoo, hata ukuta wa kuegemeza ufagio sitaki. Bahari ikija ipite katikati ya miguu ya nyumba iende zake. Ukiipisha inapita, ukiizuia inabomoa.

Wanaopima maji wanasema bamvua la mwisho wa Agosti, maji yanapojaa kuliko miezi yote, litakuja na upepo mkali. Nataka likija likukute juu, umekunja miguu, unanisengenya.

Nimeandika kwa sababu mnara wa simu bado umelala pale bahari ilipoulaza. Boti ya saruji itabeba barua zetu. Nahodha ameapa hatazifungua, lakini unamjua kwa umbea.

Mwanao,
Rula

*

Nyumbani, 15 Machi

Mwanangu Rula,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na miwani, nikadhani unaolewa. Haya, nyumba itapanda badala yako.

Sikatai. Nani akatae kazi ya mwanawe mbele ya majirani? Ila nina swali moja, na usiliruke kama unavyoyaruka maswali yangu yote. Baba yako atapandaje?

Goti lake unalijua. Tangu ateleze pale kisimani lilikuwa halikunjiki. Wewe ulikuwa chuoni maji yale yalipokuja, hukuona. Jirani alituegemezea ngazi kwenye paa lake. Baba yako akaishikilia, akasema, "Tangulia mke wangu, nakuja." Nikapanda. Akaweka mguu mzima, goti likagoma. Akajaribu tena, likagoma. Nililala juu ya bati nikamshika shati. Kola ikabaki mkononi mwangu, yeye hakubaki.

Sasa unauchukua mlango wake unaupeleka juu ya ngazi nyingine! Mimi namsikia, Rula. Kila bamvua, maji yakishapenya chini ya mlango, anakisogeza kile kigoda chake cha cherehani mpaka dirishani. Anakohoa kikohozi chake cha vumbi la vitambaa. Simwogopi, mume wangu huyo, nimemfulia soksi miaka yote. Mwili wake hatukuuona, na mtu ambaye hukumzika anaweza kubisha hodi siku yoyote. Akibisha akute nyumba imepaa, atazunguka nguzo kama mgeni.

Nijibu hilo, ndipo nifungashe vikombe.

Mama yako

*

Ofisini, 22 Machi

Mama,

Nakujibu. Baba amekufa. Naandika wazi kwa sababu tukizunguka mbuyu tutazeeka sote wawili.

Unachosikia ni maji. Ubao ukilowa unavimba, ukivimba unalia. Kigoda kikielea kinagonga ukuta. Hata mimi ningekuwa peke yangu katika nyumba ile ningesikia mtu. Namlilia Baba mpaka leo, nikipita mbele ya duka la fundi cherehani nahama upande wa barabara. Lakini sitakupoteza wewe kwa ajili ya kumngoja yeye.

Niahidi mambo mawili: utapanda, na chini patabaki patupu. Nijibu kwa neno moja tu, nisije nikapata maelezo.

Mwanao,
Rula

*

Nyumbani, 28 Machi

Sawa.

Mama yako

*

Kisiwani, 10 Juni

Mpwa wangu,

Hongera! Nyumba imepanda na haikulia hata kidogo, tofauti na dada yangu. Siku ya kuinyanyua alikataa katakata kutoka. Akakaa jikoni na ungo wake akachambua mchele, ikabidi tumpandishe humo humo. Kila tukizungusha jeki nasikia kutoka juu, "Taratibu nyie, mchele!" Mafundi walicheka mpaka nikaogopa jeki zitawaponyoka.

Ila hizo ngazi zako, Rula, tusidanganyane. Vipandio vifupi kama vya chekechea. Mtu anapanda anadhani anatembea. Halafu sehemu mbili za kusimama kupumzika, kana kwamba tunapanda mlima, na chuma cha kushika umekiweka mkono wa kushoto peke yake. Zimemeza saruji ya nguzo mbili nzima. Wenzangu wanauliza huyu alisomea wapi. Nimewaambia huyu tangu yuko mdogo alitembea na rula akipima hata makalio ya paka, kwa hiyo anajua anachofanya. Nimejenga kama ulivyochora.

Majirani wamekuja wote kutazama, wameshika viuno. Watano wameshasema wanataka. Mama Pacha kajiandikisha wa kwanza.

Huku chini nako kuko sawa. Usijisumbue na huku chini.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 19 Julai

Mwanangu Rula,

Mbona hujaandika? Au ukubwa umekupanda kichwani? Huku una sifa, hata mimi nimeanza kuitwa "mama mzazi wa msanifu" dukani.

Mafundi wa visiwa vya jirani wamekuja kusaidia, na mtaa wote uko juu sasa. Asubuhi nikifungua dirisha naonana na wenzangu uso kwa uso, tunasalimiana kama ndege. Hewa inapita, mbu wamepungua. Nakushukuru, mwanangu, kwa kweli nakushukuru.

Na kile chumba cha chini watu wamekipenda mno. Ulipokaa kimya nilijua mjomba wako amekwambia na wewe umemeza. Ni kidogo tu, katikati ya nguzo za mbele, kina mlango wake unatazama maji. Nimemwekea baba yako kigoda, kitanda cha kamba na shuka. Mama Pacha alikiona, kesho yake akajenga chake. Kwake ameweka mkeka mdogo wa yule pacha aliyechukuliwa. Wengine wakafuata. Kila aliyempoteza mtu siku ile sasa ana chumba, na wasiopoteza mtu nao wamejenga, wanafuga kuku. Wote wanasema "kama kwa Rula". Wanadhani kimo kwenye mchoro wako, na mimi sikuona sababu ya kukunyang'anya heshima.

Haya, nimesema. Usinune.

Mama yako

*

Ofisini, 27 Julai

Mjomba,

Chumba gani?

Nimeisoma barua ya Mama nikiwa nimesimama, nikakaa chini kwenye sakafu ya ofisi mbele za watu. Wewe ni fundi. Zile nguzo nyembamba zimechorwa zipishe maji, hazikuchorwa zibebe ukuta. Ukishajenga matofali kati yake umeipa bahari mahali pa kusukuma. Itausukuma ukuta, ukuta utazivuta nguzo, nguzo zitaileta nyumba chini na dada yako akiwa ndani. Na sasa si nyumba moja, ni mtaa! Nimewaweka juu ili wapone, ninyi mmewajengea mtego, na mtego wenyewe mmeupa jina langu.

Bomoa. Usimwombe ruhusa Mama, usiitishe kikao. Anza na kwetu, wengine watafuata kama walivyofuata kujenga. Mwisho wa Agosti hauko mbali.

Rula

*

Kisiwani, 5 Agosti

Mpwa wangu,

Tukana tu, ni haki yako. Lakini nisikilize.

Yule ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea, akanivusha ndui, akanipeleka kwa fundi nikajifunze kazi. Maisha yake yote hajawahi kuniomba kitu. Siku moja alishuka zile ngazi zako, akashika nguzo akasema, "Mdogo wangu, nijengee shemeji yako mahali pa kukaa, pana baridi huku." Wewe ungesema nini? Mimi nikachanganya udongo. Nikajidanganya kwamba ni kijibanda tu, bahari haitakiona.

Barua yako ilipofika nilikwenda na nyundo. Mchana kweupe, maji yako mbali kabisa, mle ndani pakavu kama unga. Mimi si mtu wa mambo hayo, unanijua, nimejenga mpaka makaburini nikala chakula changu palepale. Nikainua nyundo. Mtu akakohoa nyuma ya ule ukuta. Kikohozi kile kile, Rula, viwili vifupi na kimoja cha kuvuta. Nikasema, "Shemeji?" Pakawa kimya kama mtu anayesikiliza. Nikaichukua nyundo yangu nikaondoka, na nakuambia kweli, sikutembea, nilikimbia.

Dada sasa anashinda pale mlangoni na kushona kwake. Hakuna atakayemruka. Majirani nao wamesema hawabomoi mpaka abomoe Mama Rula.

Njoo wewe.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 12 Agosti

Rula,

Mjomba wako kaniletea habari za nguzo na kusukuma. Nimeelewa, si mjinga. Sibomoi.

Baba yako amehamia. Nakiweka kigoda kikitazama mlango, asubuhi nakikuta kimegeuzwa kinatazama ngazi. Anakaa anaziangalia tu, maskini. Shuka nalikuta na unyevu wa mtu. Mama Pacha naye anasema mkeka wake huwa na mchanga kila kukicha, na hafagii, anauacha. Hatusemi kwa sauti. Tunatazamana tu tukikutana kisimani, tunajua.

Sasa nisikilize na mimi. Siku ile niliambiwa tangulia, nikatangulia. Nilimwacha chini mimi nikapanda. Miaka mitatu sasa nalala na jambo hilo. Bamvua lako likija nitashuka nikae naye kwenye kile kitanda cha kamba, nimshike mkono. Nyumba ikishuka, itushukie wote wawili. Sitamwacha mara ya pili.

Usilie, una kazi nzuri na afya. Kula vizuri.

Mama yako

*

Bandarini, 24 Agosti

Mama,

Tangu juzi nipo hapa bandarini na begi langu. Nahodha amekataa abiria, anasema mawimbi yameshavuka kiasi. Anavuka mara hii ya mwisho na misumari na barua hii, basi. Nimemshika mkono nimemlilia, amekataa. Kwa hiyo nakuandikia juu ya gunia la saruji, vumilia mwandiko.

Mjomba alinicheka kwa ngazi zangu. Hata mkubwa wangu wa ofisi aliniuliza kwa nini vipandio ni vifupi hivi na ngazi yenyewe ndefu hivi, zinamaliza saruji. Nikamjibu ni kwa ajili ya wazee. Nilimdanganya. Ni za Baba.

Unakikumbuka kizingiti cha duka lake? Ni hicho peke yake alichokuwa anapanda bila kushika ukuta. Mguu mzima mbele, mbovu unafuata umenyooka, halafu anatabasamu kama aliyeshinda mbio. Kila kipandio nimekichora kwa urefu wa kizingiti kile. Chuma kipo kushoto kwa sababu alikuwa anashikia kushoto. Sehemu mbili za kusimama ni kwa ajili ya kikohozi chake. Nilipokuandikia kwamba amekufa, kalamu hiyo hiyo ilikuwa imeshamchorea ngazi. Sikuweza kuchora nyingine, Mama. Nilijaribu, mkono ulikataa. Mtaa mzima unapanda na kushuka ngazi za Baba na hakuna anayejua.

Nilikuambia ni ubao na maji. Sijui tena ni nini. Kama ni yeye yuko pale chini, basi hahitaji kuta, hahitaji wewe ushuke. Anaweza kupanda. Bomoa chumba, simama juu, umwite.

Nakuomba, Mama. Nimebaki na wewe tu.

Rula wako

*

Kisiwani, 2 Septemba

Mpwa wangu,

Tuko hai. Nimeanza na hilo ili uvute pumzi.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya maji. Dada hakuwa na miwani, nikamsomea mimi, pale pale mlangoni pa kile chumba. Nilipomaliza aliweka kushona kwake chini. Akainuka, akaenda kwenye ngazi, akaunyoosha mguu wa kulia akaukaza kama gogo. Akapanda hivyo. Mguu mzima mbele, mbovu unafuata, mkono wa kushoto kwenye chuma. Akasimama pale pa kupumzikia, akakohoa makusudi. Akaendelea mpaka juu. Mtaa mzima umetoka unatazama, hakuna aliyecheka. Akageuka akasema, "Lete nyundo."

Tofali la kwanza alivunja mwenyewe. Kisha ungesikia mlio huo mtaa mzima, nyundo, mashoka, hata mchi! Wengine waliomba radhi kwa sauti kabla ya kupiga. Mama Pacha alikuwa wa mwisho. Alisimama sana mbele ya ukuta wake, mwisho akaingia akautoa mkeka, akaukunja, akaupandisha juu kifuani. Kisha akatuambia haya, pigeni.

Maji yalikuja kesho yake mchana na upepo juu. Yalipita chini yetu yakinguruma, nyumba inatetemeka kama boti, lakini yalipita. Nyumba ya mwisho kule, mwenyewe alikuwa hajamaliza kubomoa banda lake la kuku. Nguzo mbili zilikwenda, nyumba imepiga magoti. Tulikuwa tumeshawatoa. Wewe ulisema kweli, na mimi nilistahili matusi.

Habari za dada atakwambia mwenyewe. Tangu jana hajanigombeza hata mara moja, na hilo linanitia hofu kuliko bahari.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 2 Septemba

Mwanangu,

Nyumba yako imesimama. Hata kikombe hakikuanguka.

Nilikaa juu ya ngazi tangu maji yalipofika miguuni mwa nguzo mpaka yalipoanza kurudi. Mjomba wako alinifunga kamba kiunoni, nikamwacha anifunge. Nilimwita baba yako kwa jina lake. Kisha nikamwita kwa lile jina letu la wawili, ambalo hujawahi kulisikia na hutalisikia. Nilimwambia, "Panda, Rula amekuchorea, ni kama dukani kwako." Nilimwita mpaka sauti ikakauka, upepo ukiniletea maneno yangu mwenyewe usoni.

Ni ngazi nzuri, mwanangu. Nimezipanda kwa mguu wake, najua. Angeweza. Angeweza hata bila kushika chuma.

Hakupanda.

Miaka yote hii nilisema ni goti, ni ngazi, kuna kitu kinamzuia, kikiondoka atakuja. Umekiondoa. Sasa hakuna kinachomzuia na hajaja, kwa hiyo nimejua. Leo asubuhi nilishuka nikasimama pale kilipokuwa chumba. Mchanga umelainishwa, hakuna alama. Nikategea sikio mpaka shingo ikauma. Hakuna anayekohoa tena, Rula. Kikohozi kile kilikuwa mwenzangu. Kimya hiki ndicho kinachonitisha, nalala na redio, na redio yenyewe haishiki kitu.

Nikwambie jambo moja. Siku ile tulipomwombea bila mwili, watu wote waliitikia amina. Wewe ulikuwa umeinama, unalia begani kwangu, hukuona. Mimi niliubana mdomo. Niliona nikiitikia ndipo atakuwa amekufa.

Boti ikianza tena kuchukua abiria, njoo. Usilete kitu. Tutawaita majirani tumwombee upya, na safari hii nitaitikia.

Mama yako